Lebo za Seli Zilizonona

Sahani arobaini na nane za seli zilikuwa zimeuawa, na Inspekta hakujua kesi kama hiyo inaandikwaje. Alisimama mbele ya kabati la joto, miguu ikimuuma, harufu ya klorini ikimchoma puani. Ilikuwa saa tatu asubuhi na tayari alikuwa hoi.

"Jasho langu la miaka miwili!" Profesa, mwenye maabara, alifoka.

"Jasho la nini? Niambie kwa lugha nitakayoielewa."

"Seli changa hukua zikawa seli za mafuta. Nusu ya sahani tulizitia zinki na vitamini, nusu hatukuzitia kitu. Zilizotiwa hazikunona. Nikatangaza matokeo miezi miwili iliyopita. Leo wakaguzi wanakuja kupima upya."

Inspekta alishusha pumzi. Tangu tangazo hilo, mkewe alikuwa amemnunulia vidonge vya zinki na vitamini kwa ajili ya kitambi.

"Nani ana ufunguo?"

"Unaning'inia kwa mlinzi. Jengo zima linauchukua. Na wenye gere na mimi ni wengi."

Inspekta aliinua sahani moja. Haikuwa na lebo. Akaangalia ya pili, ya tatu. Lebo zote zilikuwa zimebanduliwa kwa ukucha. Mwenye gere angemwaga klorini akatimua mbio. Asingekaa kubandua karatasi moja moja.

"Lebo huandika nani?"

"Fundi wangu. Nyekundu kwa zinki, nyeupe kwa zisizotiwa kitu."

Fundi wa maabara, mwanamke wa makamo, alikuwa kwenye chumba cha kuoshea vyombo, mikono mifukoni mwa koti jeupe. Inspekta alivuta kiti akajibwaga.

"Nionyeshe mikono, dada."

Aliitoa polepole. Vidole vilikuwa vimebabuka kwa klorini. Chini ya kucha kulikuwa na gundi, na vipande vya karatasi nyekundu.

"Mimi seli sizijui," Inspekta alisema. "Ila mtu anayebandua lebo, anaogopa lebo. Kwa nini?"

Bomba lililokuwa likivuja lilimkera Inspekta, akainuka kulifunga.

"Nilizichanganya, afande," mwanamke alisema. " Siku ya kwanza kabisa. Nyekundu nikazibandika kwenye sahani zisizo na kitu. Zilizonona ndizo zilizotiwa zinki. Nimegundua wiki iliyopita, nilipopitia daftari langu."

"Seli umeziua. Lebo za nini tena?"

"Zinki haifi. Wangeipima hata kwenye seli zilizokufa, wakaikuta chini ya lebo nyeupe."

"Ungemwambia tu Profesa. Kukosea si jinai."

"Si Profesa ninayemwogopa. Mdogo wangu amechekwa unene tangu shuleni. Matokeo yalipotoka, mimi ndiye niliyembebea vidonge. Nikamwambia, meza, nimeona kwa macho yangu. Akawa anameza kumi, kumi na tano kwa siku. Sasa amelazwa. Tumbo halishiki chakula, damu imepungua. Nilitaka isijulikane kamwe kwamba ilikuwa bure. Asijue."

Inspekta alikuwa ameshatoa kalamu aandike maelezo. Akaiweka chini.

"Madaktari wanajua anachomeza?"

Mwanamke alirudisha mikono mifukoni.

"Dada! Wanajua?"

"Hapana. Anavificha chini ya mto. Juzi kaniomba chupa nyingine." Alifumba macho. "Nikampelekea."

Inspekta alisahau miguu yake. Alipiga simu wodini, akajitambulisha, akaomba muuguzi aende kwenye kitanda cha mgonjwa na simu mkononi. Kisha akamnyooshea fundi simu.

"Mimi hanijui. Mwambie wewe."

Mwanamke aliishika kwa mikono yote miwili.

"Mdogo wangu," alisema. "Toa vidonge chini ya mto, mpe muuguzi. Vyote. Hapana, sikiliza... havikusaidii kitu. Nilikosea mimi. Si wewe, mpenzi wangu. Mimi."