Padi ya Kitinda

Mama alinisisitizia kwenye simu mara tatu nifike kabla jua halijazama. Kesho yake alikuwa anarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba na kuhamia kwa dada yangu mkubwa. Kilichobaki pale ni boksi moja chini ya kitanda, chumba cha nyuma. Vile vidude vyenu vya gemu, alisema. Njoo uvitoe mwenyewe, mimi sivigusi.

Nilichelewa. Mimi ni fundi wa mashine za gemu, na jioni ile mteja mmoja alining'ang'ania dukani. Hakuelewa kwa nini gemu aliyoinunua kwa pesa yake, ndani ya mashine yake, sebuleni kwake, haifunguki tena. Nikamwambia ukweli: ndugu yangu, hukununua gemu. Ulinunua ruhusa ya kucheza, na waliokupa wameichukua. Akaniangalia kama vile mwizi ni mimi.

Hili jambo linaniudhi, na acha niliseme mapema. Zamani ulinunua diski, ukaitia kwenye mashine, ukacheza. Basi. Ikichafuka unaifuta kwa shati. Ukiichoka unamwazima jirani, harudishi, mnanuniana wiki mbili, maisha yanaendelea. Siku hizi unalipa mara mbili, unakaa kutwa nzima ukingoja ishuke kwa intaneti, bando linakata njiani. Ikishashuka inataka akaunti. Kisha neno la siri. Kisha inakuomba pesa tena ili umvalishe mtu wako kofia. Na siku wakichoka, wanazima mitambo yao huko waliko, nawe huna hata diski ya kuvunja ukaishiwa hasira.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ananicheka sana nikianza hotuba hii. Tulimwita Kitinda. Nilimzidi miaka kumi na minane, kwa hiyo nilikuwa kaka nusu, baba nusu, na mtu wa kutaniwa muda wote.

Mwaka wake wa mwisho, alipolazwa, tulicheza gemu moja ya kisasa, ya kujenga. Yeye kitandani hospitalini na tableti iliyopasuka kona, mimi dukani. Tulijenga nyumba ya vyumba saba, na kila mlango aliubandika kibao. "Kaka, bisha kwanza." "Chumba cha mama, viatu nje." "Hapa nitalala nikipona."

Alifariki akiwa na miaka kumi na miwili. Miezi mitatu baadaye kampuni ilituma barua ya kutushukuru kwa safari njema, ikazima mitambo, na nyumba ya mdogo wangu ikaenda na vibao vyake vyote. Niliandika nikiomba wanipe walau picha. Nilijibiwa na roboti. Nililia dukani, mchana kweupe, mbele ya wateja, wala sikuona aibu.

Ndiyo maana boksi la mama lilikuwa na uzito kwangu. Ndani yake kulikuwa na mashine yetu ya zamani, diski ya mashindano ya magari, na kadi ndogo ya kuhifadhia mchezo. Ile ilikuwa mali yetu kweli. Nilitaka kitu kimoja tu cha Kitinda ambacho hakuna mtu wa kukizima.

Nilipofika giza lilikuwa limeshaingia. Nilimkuta mama nje, ameketi kwenye ngazi ya mlango, mkoba mapajani. Nyumba nzima nyuma yake ilikuwa wazi na taa zote zinawaka. Nikamwamkia.

"Umechelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Ameshaanza."

Nikamuuliza nani. Akanishika mkono, akaniambia nisikilize.

Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu...

Tik. Tik-tik. Tik.

Ilitoka chumba cha nyuma. Sauti hiyo naijua kuliko sauti yangu mwenyewe, maana ndiyo inayonilisha. Ni vitufe vya padi, kile kidude cha kushikia mkononi unapocheza. Mtu alikuwa anavibonyeza.

Mama alinieleza yote pale kwenye ngazi, kwa kunong'ona. Miezi kumi na moja sasa, kila jioni, saa ileile niliyokuwa narudi kutoka kazini wakati naishi pale. Kwanza alidhani panya, akatega mtego. Mtego ulikaa mpaka ukashika kutu. Kisha akamleta mganga. Mganga mwenyewe, kwa maelezo ya mama, ni mzee asiyejua hata kuwasha redio. Alisimama kwenye mlango wa kile chumba, akakataa kuingia, akasema maneno machache tu: ule waya usichomekwe. Mama akamuuliza waya gani. Akajibu kwamba hata yeye hajui, ndivyo alivyoambiwa.

Mama hakujua ni waya gani. Mimi nilijua.

Kitinda alipokuwa na miaka minne alikuwa analia kila nikiwasha mashine. Anataka kucheza na yeye. Sasa mtoto wa miaka minne atakuharibia mashindano yote. Kwa hiyo nilimpa padi ya pili, na mwisho wa waya wake nikauficha chini ya mkeka. Sikuuchomeka. Nikamwambia, wewe ni lile gari jekundu. Jekundu lilikuwa linajiendesha lenyewe, mashine ndiyo dereva. Mwenzangu akabonyeza vitufe mpaka ulimi nje. Jekundu likishinda alikuwa anakimbia kuzunguka chumba akimwita mama aje aone. Likishindwa, nilimwambia hajui kuendesha.

Na alikuwa na huruma, jamani. Nikianguka barabarani alikuwa anasema, "Kaka, nakusubiri darajani." Jekundu likapita daraja kama kawaida yake, maana mashine haimsubiri mtu. Nami nikamgombeza, mbona hukusubiri? Akawa ananiomba msamaha. Mtoto aliniomba msamaha kwa kosa la mashine, nami nikapokea.

Kanuni niliyomfundisha ilikuwa moja: ukimaliza kucheza, zungusha waya, ufunge. Aliufunga kwa mpira wake wa nywele, wa kijani. Tulienda hivyo miaka mitatu, kisha nikanunua mashine mpya, ile ya zamani ikaingia boksini. Nilisema nitamwambia ukweli akikua, tucheke.

Niliingia. Mama alinifuata mpaka kwenye korido, akagoma hapo.

Chumba kilikuwa kitupu: kitanda kisicho na godoro, televisheni ya chogo ambayo hata wanunuzi wa vyuma waliikataa, na boksi. Kulikuwa na harufu ya ile dawa ya kuchua kifua tuliyompaka miezi yote ya ugonjwa. Mlio ulitoka ndani ya boksi. Nikalivuta.

Kimya.

Padi ya pili ilikuwa juu kabisa, waya umezungushwa, mpira wa kijani umefunga. Niliufungua mpira, nikautia mfuko wa shati. Nikaunganisha mashine na televisheni, nikaweka diski, nikachomeka padi yangu. Ikawaka bila akaunti, bila neno la siri, bila kuniomba chochote.

Nikafungua kadi kutafuta jina lake.

Halikuwepo. Lingetoka wapi? Kadi inahifadhi wachezaji waliochomekwa. Miaka mitatu ya jioni zetu, na jina lililokuwepo ni moja, langu, limejipanga kutoka juu mpaka chini. Ile kampuni ninayoitukana kila siku ilimwekea mdogo wangu vyumba saba. Mimi kaka yake sikumwekea hata mstari.

Hapo ndipo vitufe vilipoanza tena.

Tik. Tik-tik.

Padi ilikuwa sakafuni, karibu na goti langu. Niliviona vikizama vyenyewe na kurudi juu. Kwenye kioo gari jekundu lilikuwa limesimama mstarini likingoja mashindano yaanze, kama miaka yote.

"Usichomeke," mama alinong'ona kutoka korido. "Mwanangu, nakuomba. Hatujui ni nani."

Lakini mimi nilijua ni nani. Na nilijua ninachodaiwa. Nilitaka mara moja tu, hata kama ni mara moja, Kitinda acheze kweli. Nikaushika ule waya. Ulikuwa wa baridi. Nikauchomeka.

Kioo kikagawanyika pande mbili. Upande wake kukaandikwa: Mchezaji wa pili, bonyeza kuanza.

Tukangoja.

Tik.

Magari yakaondoka. Langu lilinyooka. Jekundu likagonga ukuta. Likarudi nyuma, likageuka, likagonga ukuta wa upande wa pili. Likazunguka pale pale... likagonga tena. Vitufe vikaanza kupigwa kwa kasi, vyote kwa pamoja, kama alivyokuwa anavibonyeza akiwa na miaka minne, maana havikuwahi kumfundisha kitu kingine. Nikaelewa nilichofanya. Sikumpa mchezo. Nilimwonyesha kwamba hakuwahi kucheza.

"Taratibu, Kitinda," nilisema. "Bonyeza kimoja kimoja."

Vitufe vikapunguza mwendo. Jekundu likaanza kujikokota, likikwaruza kuta, likisimama, likiondoka. Mimi akili ilikuwa imenihama, nimegonga mti, gari limepinduka. Jekundu lilipofika darajani, likasimama.

Halikwenda mbele. Halikurudi nyuma. Lilikuwa linanisubiri.

Nikaliendesha langu huku machozi yananizuia kuona njia, nikalisimamisha kando yake. Harufu ya ile dawa ikawa karibu sana, kama mtu ameegemea bega langu. Na sauti ikaja hapo hapo, chini ya sikio la kushoto, ndogo, isiyo na hasira yoyote.

"Kaka... kwani siku zote zile, mimi nilikuwa nani?"

Nilifanya nilichozoea kufanya. Nikauchomoa waya, nikasema haraka haraka, waya ni mbovu, Kitinda, umekatika ndani, nitautengeneza, mimi si fundi? Kioo kikawa kimoja tena. Jekundu likaondoka kwa ulaini, likavuka daraja bila kunitazama, likashinda.

"Umeshinda," nikasema. "Umeona? Umeshinda."

Padi haikulia. Nikaiweka mapajani, nikaisogeza kushoto, nikaisogeza kulia. Nikamwita kwa jina lake halisi, lile ambalo tulilitumia hospitalini na makaburini tu. Harufu ilikuwa imekwisha. Chumba kilinuka vumbi.

Kisha mama akaja mlangoni. Mwanamke aliyekimbia sauti ile miezi kumi na moja, aliyekuwa anahama nyumba kwa sababu yake, akasimama pale ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Mbona kimya?" aliniuliza. Akasikiliza. "Umemfanya nini mwanangu?"

Alilia mpaka alfajiri.

Mashine iko kwangu sasa. Padi ya pili naiweka pembeni yangu, waya chini ya mkeka, haujachomekwa, kama zamani. Kila jioni nikifunga duka nacheza. Namwachia jekundu lishinde. Darajani nasimama, nangoja. Jicho la kusomea diski limeanza kuchoka, na jicho la aina ile halitengenezwi tena popote. Ni mali yangu kabisa, hakuna wa kuninyang'anya, na haina mtu ndani.

Lakini kuna jambo moja silielewi, na sijamwambia mama. Ule mpira wa nywele niliutia mfuko wa shati usiku ule, na shati nililivua asubuhi kwangu, nikalitundika nyuma ya mlango. Mpira ulikuwemo. Niliugusa kwa kidole. Padi nilikuwa nimeiacha juu ya meza, waya unaning'inia. Nikaenda kunawa uso.

Niliporudi mfuko ulikuwa mtupu. Padi ilikuwa pale pale mezani. Waya ulikuwa umezungushwa vizuri, mwisho wake umeingizwa ndani, kama nilivyomfundisha kufanya akimaliza kucheza, umefungwa kwa mpira wa kijani.