Viatu vya Kazi vya Mama Dishon

Kila asubuhi Muhonja, ambaye majirani humwita Mama Dishon, alivaa viatu vya kazi na kushuka ngazi za ploti yao, nyumba ya kupanga kule Tassia, Nairobi. Wakimuuliza aendako, alijibu, "Kazini."

Alikuwa akidanganya. Kiwanda alichoshonea nguo kilikuwa kimempunguza kazini miezi mitano iliyopita, naye aliona haya kusema. Alishinda akitafuta kazi kwenye mageti ya viwanda, kisha akarudi jioni miguu ikimwaka moto.

Jumatatu moja alikutana na jirani yake Winny ngazini, kitambulisho kipya cha kazi kikining'inia shingoni.

"Sasa, Mama Dishon. Nimepata kazi ya kushona. Norah wa chama chetu cha akiba ndiye aliniambia wanatafuta watu kiwandani kwao."

"Hongera," alisema Muhonja, roho ikimuuma. Huyu Winny, ni yeye Muhonja aliyemfundisha hata kutia uzi kwenye mashine.

Wiki nzima wivu ulimnyima usingizi. Jumapili, mkutano wa chama ulipoisha, alimfuata Norah.

"Winny alikupa kitu kidogo?"

"Hapana. Nilimwambia siku ya majaribio tu. Alishona kola mbele ya msimamizi kama wengine. Mtu akikuitisha pesa ndio akupe kazi, huyo ni mwizi."

"Na mbona mimi hukuniambia?"

"Si wewe una kazi? Kila asubuhi nakuona ukienda."

Muhonja aliinama. "Sina kazi, Norah. Miezi mitano sasa."

"Pole, dada. Lakini nafasi nyingi hazibandikwi getini. Watu huambiana. Waambie watu huna kazi, na uwaambie unachojua kufanya. Uliofanya kazi nao, wa kanisani, wa ploti. Hata Winny."

Hilo la Winny lilikataa kumezeka. Muhonja alipita mlango wa Winny mara mbili bila kubisha. Mara ya tatu akabisha, akasema yote.

Winny alishangaa. "Kumbe! Na wanatafuta mtu wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo. Mimi siijui, wewe unaijua. Majaribio ni Alhamisi."

Alhamisi Muhonja alishona mbele ya msimamizi. Jumatatu akaanza kazi.

Wivu haukuisha siku moja. Namba ya kitambulisho cha Winny ilitangulia yake, na kila mara aliitupia jicho. Lakini asubuhi moja jirani alipowauliza yeye na Winny waendako, Muhonja ndiye aliyejibu kwanza.

"Kazini," alisema, na safari hii ilikuwa kweli.