Valvu Iliyofutwa Mdomo

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na yapo ya kutosha, kwamba haya yote yalitokea kama ninavyoyaeleza. Sikuongeza hata tone. Anayebisha aje na spana yake tufungue injini pamoja.

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, gari la Muuguzi liliingia gereji likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Siku tatu tu kabla, Ijumaa, lilikuwa limetoka hapo hapo likinguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Muuguzi alishuka viatu mkononi, sketi ina vumbi hadi magotini. Mama yake mzazi hakushuka. Alibaki kiti cha nyuma, khanga ya pili ameifunga kiunoni juu ya gauni, uso ameugeuzia dirisha la upande wa ukuta.

"Kimya yuko wapi?" Muuguzi akauliza.

Kimya ndiye fundi mkuu wa pale. Jina hilo alipewa kwa sababu huongea na injini kuliko watu. Gereji ni ya shemeji yake, mjane wa kaka yake, ambaye sote tunamwita Mama Gereji. Kimya akatoka chini ya gari jingine akijifuta mikono.

"Ijumaa ulinisafishia masizi?"

"Nilisafisha."

"Basi jana jioni nimemtoa mama hospitali. Tumefika katikati ya mlima, gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likakata roho. Tumelala kando ya barabara. Leo ndiyo nimepata wa kunivuta."

Mama Gereji alichukua spana mwenyewe. Kwa asiyejua, injini ya dizeli ina valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ili uchomwe tena. Moshi huo ukikutana na mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, hugandisha masizi, mpaka injini inapumua kama mtu aliyezibwa pua. Kazi ya Kimya ilikuwa kuifungua njia nzima, valvu pamoja na mabomba, aikwangue na kuiosha.

Mabomba yalikuwa meupe. Valvu ilipotoka, mdomo wake uling'aa. Mama Gereji akaingiza kidole ndani. Kikatoka cheusi hadi kiungo cha pili.

"Shemeji," akasema taratibu, "hiki ni nini? Wanja?"

Kimya akaitazama ile valvu, kisha akatazama chini.

"Marehemu alijenga jina la hapa kwa miaka. Fundi anayefuta mdomo na kuacha tumbo, mimi siwezi kukaa naye, hata awe damu ya mume wangu. Vua ovaroli uiache hapo." Kimya akaivua, akaiweka mezani.

"Naomba ungoje," Muuguzi akasema. "Mimi nimeshapiga simu kituoni."

Saa tatu kasoro kidogo Sajini akafika kwa miguu, kofia kwapani. Ni mwanamke mrefu, asiyecheka ovyo kazini. Pale ukutani, chini ya kipande cha bati, palikuwa na wazee wawili wakicheza drafti kama kila siku. Mmoja wao ni baba mkwe wake, dereva mstaafu wa malori. Watu wasio na adabu humwita Mzee Chumvi, ati kila hadithi yake ameikoleza. Jina la uonevu kabisa. Ni mzee wa heshima, mtanashati, na gari lake alikuwa ameliegesha karibu na lango siku hiyo, limeoshwa.

Sajini alipiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Bega linanisumbua, usinione sikupi mkono." Mikono ilikuwa mifukoni mwa koti. Mwenzake ndiye aliyekuwa akimsogezea kete.

Sajini alianza na Kimya.

"Ijumaa ulifanya nini, na saa ngapi?"

"Nilifungua asubuhi. Kufika saa sita, valvu ilikuwa safi. Nikaiweka juu ya kipande cha boksi, pale mezani, ikauke. Saa sita na nusu sote tukaenda kula. Tuliporudi saa saba na nusu, nikaifunga."

"Uliitazama ndani kabla ya kuifunga?"

Kimya akajifuta mikono upya.

"Hapana, afande. Niliiosha kwa mikono yangu. Sahani uliyoiosha mwenyewe huichungulii tena."

"Lango lilifungwa?"

"Mchana halifungwi."

Mama Gereji akamvuta Sajini pembeni. Akanong'ona kwamba labda Muuguzi mwenyewe ameibadilisha huko kwake, apate cha kuwasingizia. Sajini akarudi kwenye boliti zilizofunguliwa. Juu ya kila kichwa kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe, ulioendelea hadi kwenye chuma kilichobaki.

"Hii nini?"

"Alama yangu," Kimya akasema. "Nikikaza napaka. Boliti ikiguswa, mstari unakatika."

"Mama Gereji, ulipofungua sasa hivi, mistari ilikuwa mizima?"

Mama Gereji akafikiri. "Ilikuwa mizima. Nimeikata mimi."

"Basi Muuguzi hakugusa kitu. Valvu chafu iliingia humu Ijumaa, kabla ya kufungwa. Na mdomo wake ulifutwa makusudi, fundi aione safi."

Akamwita Muuza Spea, ambaye huuza vipuri vilivyotumika pale pale langoni, juu ya turubai.

"Valvu safi mezani, hakuna mtu, wewe uko hatua chache. Wewe ndiye ungeiuza."

"Afande, tuheshimiane. Mimi ningeiba, ningeondoka nayo. Mwizi gani anakuletea nyingine ya kubakisha? Huyo si mwizi, huyo ni mteja." Akafunua turubai lake lote. "Na aina hiyo sina. Nina za petroli, nina taa, nina kioo kimoja cha kushoto kama unataka."

Sajini hakucheka, ila alisimama kidogo akiwaza. Mwizi aliacha badala. Kwa hiyo alikuwa na badala. Akarudi kwa Kimya.

"Masizi uliyokwangua Ijumaa uliyatupa wapi?"

Yalikuwa bado kwenye pipa, juu ya gazeti. Sajini akayasugua kwa vidole: makavu, yakavunjika kama majani ya chai. Akasugua yale ya ndani ya valvu: yakamnata kama lami.

"Kwa nini tofauti?"

"Muuguzi anasafiri mbali," Kimya akasema. "Injini inapata moto, masizi yanakauka. Haya ya kunata ni ya gari linalozunguka mtaani tu. Linawashwa, linazimwa, halichemki."

"Aina moja na hili?"

"Aina moja, afande. Isingekuwa moja, boliti zisingekubali."

"Mtaani huku yapo mangapi?"

Kimya akaanza kuhesabu, akaacha. Shingo yake ilishuka. Hakuonyesha kidole. Aligeuka tu, akawa anatazama lango.

Sajini alifuata macho yake hadi kwenye gari la baba mkwe. Nasikia, maana mimi sikuwa kichwani mwake, kwamba alisimama pale muda wa mtu kunywa maji. Mwanamke hamhoji baba mkwe wake. Hata kupita mbele yake amekaa huinama. Alivua kofia, akaivaa tena, kisha akaenda ukutani na kuchuchumaa, ili asiwe juu yake.

"Baba, leo umekuja na gari."

"Gari langu, mkwe. Nije na la nani?"

"Wiki nzima iliyopita hukuja nalo."

"Nililipumzisha. Gari nalo ni kama mtu."

"Na Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Kitandani, na homa. Homa kali mkwe, shuka lilikuwa likitoa mvuke."

Muuza Spea akakohoa. "Mzee, si ulipita hapa saa saba na kikapu? Nikakuuliza, ukasema ni viazi."

"Viazi ni chakula cha mgonjwa."

"Uliingia navyo gereji na ukatoka navyo?" Sajini akauliza.

Mwenzake wa drafti akaacha kete hewani. Mafundi wengine wakawa hawana tena kazi za kufanya.

"Baba," Sajini akasema, na sauti ilimpungua, "naomba nione mikono yako."

Hilo ndilo lililokuwa zito. Angemwomba leseni, angemwomba funguo, isingekuwa neno. Mzee alimtazama. Kisha akaitoa mifukoni. Kucha zote kumi zilikuwa na ukingo mweusi, na kwenye mistari ya viganja weusi umelala kama wino.

"Hayatoki kwa sabuni," akasema. "Nimejaribu hata ndimu."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa miaka nakaa hapa. Kila anayeleta gari kukwanguliwa masizi namwita mchoma mkaa. Nimewaambia watu mguu wangu ni mwepesi, gari langu halijawahi kutoa moshi tangu lizaliwe. Mwezi uliopita likaanza kukohoa. Nikaanza kuliacha nyumbani. Ningeingiaje hapa na moshi? Wangenicheka mpaka nife."

"Kwa hiyo ukaona bora Kimya afukuzwe."

"Sikujua atafukuzwa. Niliona lile gari ni pacha wa langu. Nilidhani litatoa moshi kidogo, basi."

Mlango wa nyuma wa gari la Muuguzi ukafunguka. Mama yake hakushuka. Aliongea akiwa amekaa.

"Moshi kidogo," akasema. "Mimi ni mgonjwa wa figo, baba. Tumekaa pale usiku kucha, magari yanatumulika kwa taa. Hakuna kichaka, hakuna choo. Unajua kwa nini sishuki humu tangu asubuhi?"

Muuguzi alienda akasimama mbele ya mlango, amkinge mama yake na macho ya watu. Mama Gereji aliokota ovaroli mezani, akampelekea Kimya. Alishindwa kumtazama usoni, akabaki anaikung'uta vumbi lisilokuwepo.

"Shemeji, vaa," akasema. "Nilikuvua mbele za watu, nakuvalisha mbele za watu. Mengine nitakuja kukuambia nyumbani."

Hapo yule mzee akasimama wima. Akaomba radhi kwa maneno ya busara na machozi ya kiume, mmoja mmoja, akianza na mama mgonjwa. Hata Muuza Spea alilia. Mama mgonjwa akamshika mkono, akamwambia yamekwisha, na...

"Baba."

Mkwe wangu alikuwa nyuma ya kiti ninapoandikia, na kikombe cha chai. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu mstari gani.

"Hukusimama," akasema. "Uliomba maji ya kunywa. Aliyeomba radhi ni Kimya. Alimwambia yule mama, nisamehe, ningechungulia ndani. Wewe ulikuwepo, ukamwacha aombe."

"Nilikuwa natafuta mwisho mzuri, mkwe."

"Na huyo 'yule mzee' ni nani?"

Nikasema msomaji ataelewa. Akaweka kikombe mezani, akanyoosha kiganja, na nikampa funguo za gari. Valvu ya Muuguzi alikuwa ameshairudisha siku ile ile. Gari langu liko gereji sasa, limefunguliwa tumbo mbele ya wacheza drafti wote, na Kimya ananiachia brashi niikwangue valvu mwenyewe. Wamenicheka. Sikufa.

Lakini mkwe hakuridhika na hayo. Alitaka niende kuomba radhi, na niende kwa miguu.

Nyumba ya Muuguzi iko juu ya ule mlima. Nilifika jasho limenilowa hadi mgongoni, nikabisha hodi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya yule mama.

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yana mwanzo na mwisho. Sikuliona hata moja.

"Ni mimi, mama. Niliyeiba valvu."

Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha hatua za polepole zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Mlango haukufunguka.

"Subiri hapo nje kwanza," akasema.

Nikasubiri.