Mita Mbili Kutoka kwa Kavugho

Kilianza kutetemeka kiunoni mwa Nashon kabla hajabisha hodi.

Alidhani ni simu. Akapapasa mfukoni, simu imelala. Ndipo akatazama mkandani, kwenye kile kifaa cheusi cha kupimia mionzi, kidogo kama kiberiti. Kioo kilionyesha tano. Akasogea hatua moja kuelekea mlangoni. Saba.

— Nani hapo?

— Mimi.

Ikaja ile sauti aliyoikosa kwa siku sita, sauti yenye lafudhi ya Butembo, kule Kongo, inayopanda mwishoni mwa kila neno.

— Nashon, nilikuomba usije.

Kweli alikuwa ameombwa. Ujumbe alikuwa ameusoma hadi akaukariri: "Nipe siku kumi na nne. Usije, usiulize. Nakupenda." Siku sita alizunguka Kampala kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Alikula akakosa ladha, akalala akaamka na jina la mchumba wake Kavugho mdomoni. Siku ya sita miguu ikamleta yenyewe Bukoto, alikoishi Kavugho, moja kwa moja kutoka kazini.

Kazi yao ilikuwa moja. Nchi tano jirani zilikubaliana kushirikiana ili vitu vya kutengenezea mabomu ya nyuklia visipenye mipakani mwao, na mafunzo ya maafisa yalifanyika Nakawa, hapo Kampala. Nashon, Mkenya wa Bungoma, alitunza vifaa. Kavugho, mkimbizi kutoka Kongo, aliwatafsiria maafisa wa kwao kwa Kifaransa. Wote waliopewa kifaa walikivaa mchana kutwa, hata sokoni, ili wakizoee. Na sheria ilikuwa moja: namba ikizidi nne, mpigie mkuu ndani ya dakika kumi, hata kama ni nyumbani kwa mama yako.

— Kavugho, humo ndani kuna nini?

— Hakuna kitu.

— Kifaa kinasema kipo.

Nashon akakumbuka jambo ambalo hakutaka kulikumbuka. Mwezi uliopita Josias, kaka yake Kavugho, alifika kutoka Kongo na sanduku zito, akaliacha humo. Na nani hajasikia habari za watu wanaouza mawe yaliyofungwa kwenye matambara, wakiapa kwamba ni urani?

— Ni sanduku la Josias?

— Unaniuliza kama mchumba wangu au kama polisi?

— Sijui. Nina dakika kumi.

— Sasa zimebaki nane. Piga simu.

— Nikipiga watakuja. Wewe ni mkimbizi, unajua watakavyokuhoji. Naweza kukizima. Naweza kuwaambia kimeharibika.

Alimsikia akisogea upande wa pili wa mlango, kisha akirudi nyuma haraka.

— Nisikilize. Siku ile mkuu aliposema mlio mmoja ukifichwa kwa ajili ya mapenzi nchi zote tano zimefanya kazi bure, nani alitafsiri?

— Wewe.

— Nilitafsiri kwa moyo. Kwetu nimeona silaha ndogo zinavyofanya, Nashon. Sitaki kuona kubwa. Ukinificha mimi leo, kesho utamficha nani? Piga.

Akapiga. Mkuu, Obwona, mwanajeshi mstaafu asiye na maneno mengi, aliuliza ni wapi, akasema kale, yaani sawa, nakuja.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Kavugho alikuwa tayari amerudi hadi ukuta wa mwisho, mgongo umegusa dirisha. Hakuwa amevaa ule mtandio aliouvaa siku zote. Nashon akaona kwa mara ya kwanza uvimbe mdogo shingoni, na jinsi alivyokonda.

— Hakuna sanduku. Josias alibeba makopo ya maharage, ameshayachukua. Kinacholia ni miye.

— Wewe?

— Ni rovu, huu uvimbe wa shingo. Mwaka mzima moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka, ninaficha chini ya mtandio. Hospitali wakanipa dawa ya kumeza, dawa yenye mionzi. Inakaa humu shingoni inaua ugonjwa polepole. Siku kumi na nne nisimkaribie mtu, mita mbili. Jirani yangu Princesse ananiletea chakula anaacha mlangoni kama ninavyomlisha paka.

— Sijawahi kusikia jambo kama hilo.

— Ulifundishwa. Wiki ya kwanza, Jumanne. Somo la wagonjwa wanaotoka hospitali na kulia mipakani kama mabomu. Nililitafsiri lote.

— Mbona silikumbuki?

— Utalikumbukaje? Ulikuwa unaniangalia mimi.

Nashon akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Akauliza kwa nini hakumwambia. Kavugho alijibu akitazama sakafu.

— Daktari amesema nisishike mimba. Miezi sita, pengine mwaka. Harusi ni Desemba. Na wakati wa Pasaka mama yako alinishika mkono akasema, binti yangu, mwakani uniletee mjukuu. Nami nikaitika. Niliogopa ungehesabu miezi ya kungoja mtoto kabla hujanihesabu mimi. Nikasema, acha nipone kwanza, nimwambie nikiwa mzuri.

Nashon akapiga hatua. Kavugho akainua kiganja.

— Hapo hapo.

Alisimama. Mita mbili. Aliweza kuona mshipa ukidunda shingoni mwake, na hakuweza kuugusa.

Obwona alifika na mashine kubwa zaidi, ile inayotaja mionzi kwa jina. Aliielekeza kwa Kavugho kutoka mlangoni, akangoja dakika mbili bila kusema. Mashine ikaandika: iodini, ya tiba. Kavugho akasukuma kadi yake ya hospitali sakafuni, mzee akaisoma mara mbili, akapigia hospitali kuhakikisha.

— Madamu, pole sana, alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. Wewe si bomu. Lakini huyu kijana nalia kama bomu imepasuka.

Kisha akamgeukia Nashon.

— Somo ya wagonjwa wewe nakwenda wapi?

— Nilikuwepo, afande.

— Ehe. Mwili ilikuwepo.

Adhabu ikatolewa pale pale. Nashon angekuja kila jioni hadi siku ya kumi na tano, asimame mita mbili, aandike daftarini siku, umbali na namba. Maafisa wa nchi zote tano wangesoma, wajue mgonjwa anavyolia na anavyopungua, asije mtu mwingine akawekwa rumande kwa sababu ya dawa. Jina la mgonjwa lisiandikwe.

Usiku ule Nashon alimpigia mama yake Bungoma, akamweleza yote, hata habari ya mjukuu. Mama akauliza kama huyo msichana anakula vizuri.

Ikawa kila jioni kitenge cha Kavugho kinatandazwa barazani, yeye ncha hii, Nashon ncha ile. Walizungumza mambo ambayo zamani, walipokaa karibu, mikono iliwakatiza kuyazungumza: Butembo na baridi yake ya asubuhi, baba aliyezikwa bila wao, majina ya watoto wasio na haraka.

— Leo ni ngapi? Kavugho aliuliza siku ya saba.

— Sita.

— Na leo? aliuliza siku ya kumi.

— Nne. Nimechoka na mita mbili, Kavugho.

— Miye nimezichoka kabla yako. Andika namba.

Siku ya kumi na nne namba ilikuwa tatu. Siku ya kumi na tano Nashon alifika jua bado kali. Kavugho alikuwa amesimama kwenye ukingo wa baraza, shingo wazi, bila mtandio, karatasi ya daktari mkononi.

— Ameruhusu, alisema. Lakini kifaa chako bado kitalia. Daktari anasema kitalia wiki kadhaa.

— Basi kilie.

Kitenge kilibaki kimekunjwa. Nashon alivuka mita zile mbili, akamkumbatia, uso wake ukaingia pale shingoni alipokuwa amepatazama siku zote zile. Kiunoni kifaa kikatetemeka, kikapiga kelele, jirani akatoa kichwa dirishani. Hakuna aliyekizima.

Asubuhi yake Obwona alifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho. Mwandiko ulikuwa umepinda kidogo.

Siku ya kumi na tano. Umbali: hakuna. Namba: tisa.