Kisanduku cha Darajani

Rosebella alikuwa amepiga magoti kando ya nguzo ya daraja, akifungua skrubu ya mwisho ya kisanduku cha plastiki. Griffin alisimama karibu naye akichunga njia.

"Harakisha! Watoto wanakuja."

"Nyamaza basi, utanifanya niangushe skrubu majini."

Alitoa betri iliyoisha, akaweka nyingine aliyoichaji nyumbani, kisha akafunga. Tangu mvua zianze, wawili hao walifanya hivyo kila asubuhi kabla mtu hajafika.

Kisanduku kilikuwa kazi ya chama cha sayansi cha shule yao, karibu na Butali. Ndani yake mlikuwa na redio ndogo inayotumia mawimbi ya masafa ya juu. Maji ya mto yakifika kwenye alama, redio ilituma habari, na taa nyekundu iliwaka katika ofisi ya walimu. Taa hiyo ikiwaka, hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Ijumaa wageni wangekuja kuiona kazi hiyo, na Rosebella alikuwa amemwambia Madam Chebet, mlezi wa chama, kwamba betri moja inamaliza wiki.

Hapo mwanzo ilikuwa kweli. Walikijaribu kisanduku baada ya mavuno, shamba la miwa lililo kati ya mto na shule likiwa tupu. Sasa miwa ilikuwa mirefu kuliko mtu, na majani yaliyolowa yalizuia mawimbi. Betri ilikuwa ikiisha kwa siku moja tu.

Alhamisi Rosebella alifika darajani mikono mitupu. Stima ilikuwa imepotea kijijini usiku kucha.

"Ya jana itavumilia," Griffin alisema. "Ni leo tu."

Baada ya chakula cha mchana mvua ilishuka kwa kishindo, kisha ikakatika ghafla. Wanafunzi wadogo wakapanga foleni langoni, tayari kuvuka mto kwenda nyumbani. Mbele kabisa alikuwa Tyson, mdogo wake Rosebella, viatu mkononi.

Madam Chebet alichungulia ofisini. "Taa haijawaka, mto uko sawa. Nendeni polepole."

Rosebella alimgeukia Griffin. Taa haikuwaka kwa sababu maji yalikuwa machache, au kwa sababu betri ilikuwa imekufa? Griffin alimtazama, akatikisa kichwa. Tyson tayari alikuwa nje ya lango.

"Madam, wasiende!" Rosebella alipiga kelele. "Betri! Nimekuwa nikiibadilisha kila siku. Leo sikuibadilisha!"

Madam Chebet hakuuliza swali. Alikimbia, akamshika Tyson begani, akawarudisha wote darasani. Kisha akashuka mtoni pamoja na Rosebella na Griffin.

Mbao za daraja hazikuonekana. Maji ya rangi ya matope yalipita juu yake yakivuta matawi na mabua ya miwa. Kwenye nguzo iliyo ukingoni, juu ya maji, kisanduku kilikuwa kimya.

Rosebella alianza kulia.

"Kifungue, tukakiangalie," Madam Chebet alimwambia.

Darasani, watoto wakinywa uji wakisubiri mto upungue, walikiunganisha kisanduku na kompyuta ya shule. Madam aliwaonyesha ujumbe uliokuwa umetumwa. Habari za maji zilikuwa chache mno. Karibu wote ulikuwa salamu tu: *Nipo. Unanisikia? Nipo. Unanisikia?* Kila kilipokosa jibu, kilirudia kwa nguvu zote, mpaka betri ikaisha.

"Kama shangazi yangu," Griffin alinong'ona. "Anapiga simu kuuliza kama umepata simu yake."

Hata Madam alicheka kidogo. Rosebella hakucheka. Alikuwa anafikiria.

"Mama hukata miwa na wenzake," alisema polepole. "Ndani ya miwa hawaonani. Lakini hawaitani kila hatua, sauti ingeisha. Mtu akimaliza mstari anaita mara moja, kwa sauti ya kawaida. Asipojibiwa ndipo anapaza."

"Na mwenzao akikaa kimya kabisa?"

"Wanaweka panga chini wanaenda kumtafuta. Hawasemi yuko salama."

Madam Chebet alimsogezea kompyuta. "Basi kifundishe kisanduku hivyo. Kilale, kiamke baada ya muda, kiulize kwa nguvu kidogo kwanza. Na hapa ofisini, tusipokisikia, taa nyekundu iwake."

Walifanya kazi mpaka mto ukashuka na watoto wakavushwa mmoja mmoja. Sehemu ya kisanduku ilikamilika. Ya ofisini ilikuwa haijaguswa.

"Tutamalizia kesho," Madam alisema.

"Kesho wageni wanakuja, Madam. Tutawaambia nini?"

"Utawaambia wewe, kisanduku kikiwa wazi mezani. Mpaka kikamilike, nitashuka mwenyewe kuangalia maji." Alizima kompyuta. "Rosebella, betri ilikufa bila kutuambia kwa sababu haina mdomo. Wewe unao. Kazi ikikataa, sema imekataa, hata kama inakuaibisha. Leo ulichelewa kusema, lakini ulisema, na Tyson analala nyumbani."

"Nimeelewa, Madam."

"Na wewe Griffin?"

"Nimeelewa, Madam. Mimi ndiye nilikuwa nachunga njia."

Rosebella alifunga mkoba wake. Kisha akaufungua tena, akatoa ile betri iliyokufa waliyoichomoa kwenye kisanduku, na kuiacha juu ya meza ya mwalimu, karibu na kisanduku kilicho wazi.