Pale pa Kupendea

Siku ya gulio, sokoni Tukuyu hupiti bila kukanyagwa. Huko ndiko Asajile, muuza vitenge mwenye ulimi mtamu, alipomkuta nesi amesinzia wima mbele ya meza yake, sweta la bluu limelowa mvua, mkono juu ya kitenge cha njano.

"Dada, hicho si mto."

Nesi huyo, Atupele, akashtuka, akacheka. "Nisamehe, kaka. Nimechoka."

"Basi kichukue ukakilalie nyumbani. Bei yake ni jina lako."

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Miezi sita baadaye posa na mahari vilishapokelewa kwao Atupele, Isongole, na tangu hapo, kwa desturi ya Wanyakyusa, Atupele alipaswa kumkwepa baba mkwe, asimtazame usoni wala asitaje jina lake.

Zahanati binafsi aliyofanyia kazi, huko Makandana, ilianza ikiwa na manesi watatu. Mwenye mali akapunguza wawili, akisema zama hizi ni za kubana matumizi. Atupele akabaki peke yake kuzalisha, kuchoma sindano, kufunga vidonda na kuandika kadi. Mwanzo alichoka mwili. Baadaye akachoka mahali ambapo usingizi haufiki.

"Mpenzi, umekula?" Asajile aliuliza kwenye simu ya mezani ya zahanati.

"Sijui."

"Hujui kama umekula?"

"Kuna wagonjwa, Asajile." Akakata.

Asajile akajiaminisha kuwa kuna mwanamume mwingine. Wivu bwana, haukosi jibu!

Jumatatu moja foleni ilifika hadi barabarani. Atupele alisoma kadi bila kuinua uso.

"Lazaro! Nani Lazaro hapa? We mzee, umeziba masikio?"

"Ee Kyala!" mama mmoja akamwita Mungu. Mzee yule alikuwa baba yake Asajile, amekuja na kikohozi chake kutoka Masukulu, akidhani manesi wengine bado wapo. Akafunga koti, akaondoka bila dawa.

Jioni simu ikalia.

"Atu, umemtaja baba mbele za watu?"

"Nimemtaja."

"Mzee hana kinyongo. Shangazi yako alete kuku, aombe radhi. Sema tu uliona aibu."

"Sikuona aibu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilimwona anatoka akikohoa, nikafurahi foleni imepungua. Hilo ndilo linanitisha."

Kesho yake Asajile alifika mbio, shati jeupe, viatu vimejaa tope. Wivu wote ulikuwa umemtoka.

"Acha kazi, mpenzi. Utapumzika kwangu."

"Nani atamsomesha mdogo wangu?"

"Basi nitakusubiri."

"Usinisubiri. Zamani ukiingia hapa moyo ulinidunda. Sasa naona mtu mwingine anayetaka kitu kwangu, nami sina."

"Unanichukia?"

"Laiti ningekuchukia."

Asajile alilia mbele ya wagonjwa. Atupele alimtazama, akajua kabisa kwamba huyu ni mwanamume mwema na anastahili kuliliwa. Akangoja machozi yake mwenyewe. Hayakuja.

Wapo wanaosema hakumpenda. Waongo hao! Kazi ilikuwa imemmaliza pale pa kupendea, na Tukuyu ya wakati ule nani angelijua hilo ni gonjwa? Daktari aliyemwendea alimwandikia vitamini tu.

Jumamosi wazee wa kwao Atupele walirudisha ng'ombe wa mahari, uchumba ukaisha. Mama yake alituma mtu kumwita, aje japo awaage wakwe. Atupele hakwenda. Alikuwa zamu.