Zamu ya Kuoga

Habari hii haikunikuta mimi, wajukuu zangu. Ilimkuta Vailet, Mama Noela, mke wa Xavery, hapa hapa Bagara, Babati. Mkitaka kumuuliza nendeni, lakini atalia tu.

Nyumba yao mnaijua. Ile ya mawe, yenye milango mizito, wazee wanaiita Kwa Hatibu. Hatibu alikuwa mfanyabiashara wa kutoka pwani, akaijenga Babati ikiwa bado vichaka, akaishi humo na mkewe mpaka wote wakaisha. Xavery alipoinunua alisema havunji kitu. Ukuta ulioinama anausimamisha, milango anaikwangua rangi mpaka mti wenyewe uonekane. Watu walikuwa wanasimama barabarani kutazama. Ilipendeza, nisiseme uongo.

Kitu kimoja tu Vailet alitaka kibadilike. Ndani ya chumba cha kulala kulikuwa na bafu la zamani, jembamba, halina dirisha. Bafu jipya walishajenga uani. Akasema hili la ndani liwe kabati la nguo.

Fundi Elineema akaja asubuhi, redio yake inaimba. Akaziba tundu la maji kwa saruji, akasawazisha sakafu, akapitisha bomba la kutundikia nguo. Alipomaliza akagonga mlango kwa mpini wa nyundo, anatania.

"Hodi humo! Toka, Mama Noela anahamia!"

Ndani mtu akakohoa.

Mnakijua kile kikohozi. Bafu halina komeo, aliye ndani akisikia hatua za mtu anakohoa, ili ujue kuna mtu.

"Nyumba za zamani hizi, zinaitika," Elineema akasema, akacheka. Lakini redio aliizima. Na chai aliyoandaliwa hakuinywa.

Vailet akatundika nguo zake. Jioni akazikuta na unyevu, si za kukamua, unyevu tu, kama zimetundikwa bafuni mtu akiwa ametoka kuoga. Akasema ni saruji haijakauka. Saruji ikakauka, ikawa nyeupe. Nguo zikaanza kunuka sabuni ambayo hakuinunua yeye.

Sasa, mama mkwe wake, Bibi Katarina, alikuwa ameletwa kutoka Mbulu, miguu inamsumbua, anatembelea fimbo. Mama mpole yule! Kiswahili chake cha kuokoteza, Kiiraqw ndicho alichonyonya. Vailet alifiwa na mama yake akiwa bado msichana, hivyo Katarina ndiye mama aliyekuwa naye duniani. Walikula sahani moja, ugali wa mtama wa mkono wa bibi.

Mchana mmoja Vailet anachambua maharage uani, bibi akatoka polepole.

"Vailet, iko mama moja kule ndani. Naoga."

"Kule wapi, mama?"

"Kwa nguo. Naomba kanga, mimi napa yeye."

"Umempa nani kanga, mama?"

"Yeye natoa mkono tu. Mkono baridi. Nasema maji haitoki."

Vailet akacheka, maana uzee ni uzee. Akaenda kuangalia. Nguo zimetulia kwenye henga zake. Hapakuwa na mtu. Ile kanga ya bibi haijaonekana mpaka leo.

Kesho yake, saa za mchana vilevile, anafagia sebuleni akasikia wanawake wanaongea. Wawili. Taratibu, kama watu wanaopokezana kitu mlangoni. Akachungulia chumbani. Fimbo ya bibi imeegemezwa ukutani. Bibi mwenyewe amesimama mbele ya kabati, mlango umefunguka nusu.

Sauti ikanong'ona kutoka ndani.

"Nimemaliza, mama. Ingia. Zamu yako."

Na bibi, mtu wa adabu, akajibu, "Haya. Asante."

Vailet akakimbilia kabatini. Mlango ukafungwa mbele ya pua yake. Akasukuma. Haukutikisika.

"Mama!"

Maji yakamwagika. Kata moja. Nyingine. Nyingine.

"Mama, toka humo!"

Maji yakakoma. Mlango ukafunguka wenyewe.

Bibi Katarina akatoka. Hana fimbo. Mgongo umenyooka. Kichwani anafuka mvuke. Akamtazama Vailet kama mtu anayemwona mara ya kwanza, akasema kwa Kiswahili laini, cha pwani kabisa:

"Mwanangu, mbona mlinizibia maji? Yalinifika kooni."

Xavery aliporudi akamkuta mama yake anatembea uani. Akapiga magoti, akalia kwa furaha. Vailet akamvuta jikoni.

"Huyu si mama."

"Vailet!"

"Muongeleshe Kiiraqw. Nakuomba."

Akaenda, akamsalimia kwa Kiiraqw. Yule mama akatabasamu. "Tuseme lugha ya wote, mwanangu. Mkeo ni Mmeru, tusimbague."

"Umesikia?" Xavery akamwambia mkewe. "Anakufikiria wewe. Na wewe unamsema hivyo."

Basi, angemwambia nani tena? Majirani walikuja kumpongeza. Shikamoo, bibi. Marahaba, wanangu. Wakaondoka wanamsifu Mungu.

Vailet akambembeleza Elineema aje avunje ile saruji. Akavunja. Chini yake udongo mkavu, mgumu, haujawahi kutobolewa. Tundu hakuna. Elineema akapapasa pale kwa viganja vyote viwili.

"Nililiziba kwa mikono yangu," akanong'ona. Akaokota nyundo. "Mama Noela, nisamehe. Usiniite tena."

Nyumba ikitulia mchana, Vailet huweka sikio mlangoni. Anasikia Kiiraqw. Chinichini, kama mtu anayejisemea peke yake. Haelewi neno, ila jina lake limo. Akifungua, ni nguo tu. Siku moja aliingia mwenyewe, akajifungia gizani, akasema, "Mama, nimekuja. Toka wewe, hii zamu ni yangu." Akangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyemjibu.

Hakujua la kufanya. Akaanza kumpelekea chakula. Sahani ya makande, anaiweka sakafuni chini ya nguo, anafunga mlango. Jioni anaikuta vilevile, yamepoa. Anawamwagia kuku. Kuku wanayapita.

Juzi amefungua, makande hayapo.

Nyie mnajua kwetu sahani ya mwenzio huirudishi tupu. Kwenye sahani kulikuwa na ugali wa mtama. Wa moto, mvuke unapanda mpaka kwenye pindo za magauni. Juu yake alama ya kiganja, pale mpishi anapousawazisha kwa mkono uliolowa. Unanuka moshi wa kuni.

Na mle kabatini, wajukuu zangu, hakuna hata jiwe la jiko.